Bima ya Yowe

Mwezi wa Agosti 1976 taifa zima lilitangaziwa, redioni na kwa mabango, kwamba makampuni yote ya bima nchini yatahimizwa kuwekeza mitaji yao miongoni mwa jamii zilizosahaulika. Ilikuwa hatua ya kishujaa. Makampuni yenyewe yalikuwa moja tu, Shirika la Kinga ya Wananchi, kwa kifupi SHIKIWA, lakini waraka wa Wizara ya Uhimizaji ulisema "yote", na waraka wa Wizara hausahihishwi na mtu wa chini. Basi SHIKIWA likajiandaa kushindana na lenyewe.

Si kwamba Shirika lilikuwa halijawekeza kabla ya hapo. Liliwekeza sana. Michango ya wakulima wa pamba wa Shinyanga na ya wachimbaji wa almasi kule Songwa ilipanda treni kila mwezi kwenda Dar es Salaam, ikifika huko inageuka ghorofa, na ghorofa ikipata mwenzake inageuka hoteli ya ufukweni. Kila mkulima alikuwa na haki kamili ya kujivunia hoteli ile, mradi tu asijaribu kuingia na kandambili.

Katika tawi la mkoa waraka ulimwangukia Ndugu Telesphori, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye suti ya Kaunda rangi ya majani makavu na kalamu tatu mfukoni, mojawapo ikiandika. Siku hiyo hiyo alipandishwa cheo akawa Ofisa Mwandamizi wa Kuhimizika. Meneja wa Mkoa, Ndugu Bartholomeo, alimweleza wajibu wake kwa kifupi.

"Ikifika Desemba uwe umeniletea jamii moja iliyosahaulika. Moja tu. Ukishindwa, unarudi kaunta kugonga mihuri."

Telesphori aliipenda kazi yake kwa dhati, na kaunta aliichukia kwa dhati vilevile. Akaitisha Kamati ya Kuhimizika, iliyokutana mara saba kujadili kama Shirika limekwisha kuhimizika au bado linahimizwa. Katika kikao cha saba ilitoka Fomu ya Kusahaulika. Kijiji chochote kilichotaka kuwekezewa kilitakiwa kuambatanisha barua kutoka kwa ofisa wa serikali anayethibitisha kwamba hajawahi kukanyaga huko. Maofisa walijitokeza kwa wingi kuthibitisha. Tatizo lilikuwa kugonga muhuri, maana mihuri ya kijiji iko kijijini, na hakuna aliyekuwa amefika kuifuata.

Mwishowe Telesphori alipanda basi mwenyewe hadi Ushirombo, akakodi baiskeli, akaisukuma zaidi ya alivyoipanda, akavuka mto mkavu wa mchanga uitwao Mulumbi, akatokea katika kijiji cha Nyakasenga. Alipowauliza watu kama wamesahaulika, wakamjibu kwamba hilo akaulize kwa waliosahau. Kisha wakampeleka kwa mama mmoja mfupi, mpana wa mabega, aliyekuwa anapepeta karanga. Huyo ndiye Anisia, Mama Januari, kiongozi wa kikundi cha kijiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Kaa. Umekuja kutuletea daraja?"

"Nimekuja kuwaletea bima, mama."

"Bima ndiyo mnyama gani?"

Telesphori akajikohoza, akaeleza. Watu wengi wanachangia kidogo kidogo. Mmoja akipatwa na janga, nyumba ikaungua au mifugo ikafa, wale wengine wanamsimamisha tena.

"Kumbe hiyo," Anisia alisema, akaendelea kupepeta. "Hiyo tunayo."

"Haiwezekani, mama."

"Tunayo tangu babu zetu. Mtu akipatwa anapiga yowe, sisi tunaita mwano. Ukilisikia unaacha chakula mdomoni, unakuja. Mwenye nguzo analeta nguzo, mwenye nyasi nyasi, asiye na kitu analeta mgongo wake. Na hutoki mpaka kazi iishe. Siku ya tatu mtu amelala ndani."

"Na fomu ya madai mnajaza wapi?"

"Ya nini? Nyumba ikiungua inaonekana."

"Uchunguzi wa chanzo cha moto huchukua muda gani?"

"Mpaka uzime."

Telesphori alikuwa ameishiwa maswali, akabakiwa na moja. "Na asiyekuja?"

Hapo Anisia akaweka ungo chini. "Asiyekuja anatoa dume la ng'ombe, tunakula wote. Akikataa, anatengwa. Hasalimiwi, hapewi moto wala maji, na nyumbani kwake hatii mguu mtu."

Telesphori alijua. Yeye mwenyewe alizaliwa upande wa Kishapu, na aliwahi kumwona mtu mzima, mwenye ng'ombe wengi, akilia baada ya siku nne za kutosalimiwa. Mambo hayo aliyaweka kando alipopata suti ya Kaunda. Sasa yalimrudia.

Kabla hajaondoka, Anisia alimshika mkono akamwonyesha mkwewe Coletha, binti mwembamba aliyekuwa anatwanga kwa taratibu ya mtu mwenye ujauzito. "Huyu atajifungua mwezi wa Januari. Mvua zikianza, Mulumbi haupitiki, na hospitali ya misheni iko ng'ambo. Mwaka jana alijifungulia ukingoni, kwenye matope. Mtoto hatukuondoka naye. Kwa hiyo mimi nakuambia daraja, wewe unaniambia bima. Andika daraja."

Telesphori akaandika daraja, chini ya kichwa cha habari "Mengineyo". Njia nzima ya kurudi neno lile lilimkereketa.

Meneja Bartholomeo hakuona habari ya daraja, kwa sababu hakufika kwenye Mengineyo. Aliishia ukurasa wa kwanza, akavua miwani.

"Telesphori, unaelewa ulichogundua? Hawa watu wanaendesha kampuni ya bima bila kibali! Sheria inasema bima nchi hii ni yetu peke yetu. Tuna mshindani, ndugu yangu, tena anayelipa madai siku ya tatu! Wananchi wakizoea hivyo, sisi tutaiweka wapi sura yetu?"

Kamati ikakutana kwa dharura na kuamua kwamba kikundi cha Nyakasenga kitwaliwe na Shirika kwa manufaa ya umma. Meneja alifurahi kupita kiasi. Kutwaa ni kuwekeza, na uwekezaji huu haukuwa na gharama yoyote. Hati ya utwaaji ilinakiliwa neno kwa neno kutoka ile iliyotumika zamani kuzitwaa kampuni za Waingereza: Shirika linachukua mali zote, haki zote na wajibu wote wa kikundi, likiwakilishwa na Meneja wa Mkoa kwa nafsi yake. Telesphori aliisoma mara mbili. Alitaka kusema neno kuhusu "wajibu wote". Akakumbuka kaunta, akanyamaza.

Sherehe ilifanyika Oktoba. Landrova ya Meneja ilivuka mchanga wa Mulumbi bila hata kubadili gia, na katika hotuba yake, baada ya Anisia kuuliza daraja, alieleza kwamba suala hilo limefanyiwa uchunguzi wa kina. "Nimepita mimi mwenyewe," alisema. "Mto sijauona."

Watu walimsikiliza kwa heshima. Kisha Anisia akaleta kata ya togwa. Kwa desturi ya pale, mtu anayeingia kikundini hunywa mbele ya wote, hutaja jina lake, na husema nitaitika. Meneja alikuwa na kiu. Alikunywa kata tatu, akataja jina lake pamoja na vyeo vyake vyote, akasema ataitika kwa moyo mkunjufu, na akapigiwa vigelegele hadi machozi yakamlengalenga. Picha yake akiwa na kata mkononi ilipelekwa Wizarani, ikabandikwa chini ya maneno: SHIRIKA LAHIMIZIKA.

Mvua zikaja katikati ya Novemba. Mulumbi ulishuka usiku mmoja na kuondoka na magogo yote ambayo wanakijiji waliyategemea kuvukia. Yowe likapigwa, watu wakaja na nguzo, mto ukazichukua na hizo. Nguzo zilishindwa mara tatu. Ilionekana wazi kwamba kazi inataka saruji na nondo, na katika kikundi kizima aliyekuwa na saruji na nondo ni mwanachama mmoja. Lundo zima lilikuwa nyuma ya ofisi ya Shinyanga, likisubiri kujengewa ukuta wa kuizuia ofisi isionekane na wateja.

Januari, mume wa Coletha, alivuka mto kwa kamba, akaenda hadi Shinyanga kwa baiskeli na basi, akasimama mbele ya meza ya Meneja na viatu mkononi.

"Baba, mwano umepigwa. Nimetumwa kukuita."

Meneja alimpa Fomu ya Taarifa ya Yowe, nakala tatu, ijazwe na mpiga yowe akiwa bado anapiga, ikieleza kiwango cha sauti. Maombi yangeshughulikiwa ndani ya siku tisini za kazi.

"Siku tisini mke wangu hana," Januari alisema. Hakupandisha sauti. Akaikunja fomu vizuri, akaaga kila mtu isipokuwa Meneja, akaondoka. Telesphori aliyaona yote hayo kutoka kwenye dawati lake, na aibu ilimpanda hadi masikioni.

Jumatatu iliyofuata Meneja Bartholomeo aliingia ofisini akamwambia mlinzi, "Mwangaluka!" kwa Kisukuma kizuri kabisa, kwani alikuwa anajichanganya na umma. Mlinzi alikuwa anatazama mlingoti wa bendera. Akamsalimia mpiga chapa. Mpiga chapa aliendelea kupiga chapa, ingawa mashine haikuwa na karatasi. Saa nne chai haikuja. Saa tano akaenda jikoni kuuliza, akakuta birika limeoshwa na kufunikwa juu chini.

Habari ilikuwa imesafiri kwa njia zake, kwa mabasi na minada ya ng'ombe, na haikuwa imejazwa nakala tatu.

Jumanne kinyozi alimwona anakuja akafunga mkasi kwenye kitambaa. Jumatano muuza maandazi alihesabu maandazi yake mpaka alipopita. Jumapili kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake, wakati nyuma watu wamesimama. Nyumbani mkewe Melania, mwanamke wa Kahama aliyelelewa vizuri, alimwekea chakula mezani, akageukia ukutani, akauambia ukuta kwamba yeye hajamtenga mtu, ila koo lake linamsumbua.

Meneja alitoa waraka wa kuwataka watumishi wote waitikie salamu. Wote waliusaini kwamba wameusoma.

Siku ya tisa alimwita Telesphori ofisini. Alikuwa amekonda shavu, na ndevu zimeota ovyo kama za mtu aliyetoka safari ndefu.

"Telesphori. Habari za asubuhi."

Telesphori alisimama mbele yake. Cheo chake chote kilikuwa mdomoni mwake wakati ule. Angejibu neno moja tu, nzuri, angebaki Ofisa Mwandamizi mpaka kustaafu. Akamkumbuka Coletha anavyotwanga taratibu. Akatoa kalamu inayoandika, akachukua karatasi ya ofisi, akaandika:

YAH: SALAMU YAKO YA LEO. Imepokelewa. Itajibiwa Mulumbi.

Meneja aliisoma kwa muda mrefu. Halafu akainamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti, mtu mzima na miwani yake. Telesphori alimwonea huruma kweli, lakini hakusema kitu, kwa sababu huruma aliyokuwa nayo kwa Coletha ilikuwa ya zamani zaidi.

Kesho yake lori la Shirika lilibeba saruji yote, nondo zote, mbao za ukuta na dume moja jeusi. Meneja alikaa mbele na dereva, aliyeendesha maili zote zile bila kumtazama. Walipofika ukingoni, Bartholomeo alishuka, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini hadi magotini.

"Nimeitika," alisema.

"Karibu, baba," Anisia alimjibu. "Umechelewa. Shika hapa."

Lilikuwa neno la kwanza Meneja kuambiwa kwa siku kumi, na wanaosimulia husema alilishika gogo alilopewa kama ndugu yake. Alifanya kazi vizuri. Alikuwa na nguvu ambazo ofisi haikuwahi kuzihitaji. Telesphori naye alichanganya zege na suti yake ya Kaunda, ikaharibika kabisa, akashangaa kuona haimuumi.

Wiki ya kwanza ya Januari nguzo za daraja zilikuwa zimesimama na mbao za kwanza zimelazwa. Ndipo lilipotokea gari jeusi lenye bendera. Ndani yake alikuwamo Katibu wa Wizara ya Uhimizaji, aliyekuja kwa ziara ya saa mbili kukagua mafanikio yaliyoko kwenye picha. Akateremka, akamkuta Meneja wa Mkoa kifua wazi, katikati ya mto, akipokezana karai na mama wa makamo.

Katibu hakutaharuki. Alipanda juu ya rundo la mawe akahutubia. Alisema anachokiona ni uwekezaji wa aina ya pekee, na kwamba wananchi watambue nani hasa wa kumshukuru.

Anisia akainua mkono wenye tope. "Baba, samahani. Huyu Shirika tunamjua, yumo kikundini, ameitika. Tunachouliza, Shirika lenyewe ni la nani?"

"Swali zuri sana!" Katibu alisema, akijinyoosha tai. "Shirika ni la Wizara. Na Wizara, kwa leo, ni mimi."

Meneja Bartholomeo alimtazama bosi wake kutoka majini, akataka kumwonya, kisha akaona heri asimkatize mkubwa anapohutubia. Mwanamume mmoja alimtwika Katibu begani mfuko wa saruji. Mwingine alimvua viatu kwa adabu sana, akaviweka juu ya jiwe kavu visilowe.

"Mimi nina kikao Kahama saa nane," Katibu alisema.

"Sawa, baba," Anisia alisema. "Ukimaliza."

Dereva wa gari lenye bendera alikuwa mzaliwa wa Mwakitolyo, kwenye mkoa huohuo, na mwano aliujua. Alizima injini, akaweka ufunguo mfukoni, akakunja suruali na yeye.

Uchungu ulimshika Coletha siku ya sita tangu Katibu afike, asubuhi. Alilivuka daraja kwa miguu yake, Januari akimshika mkono, mama mkwe nyuma na kitenge. Walipofika katikati alisimama kupumua, akainama kidogo, akasalimia walio chini: "Shikamooni, wazee." Meneja na Katibu, waliokuwa bado wanapiga lipu nguzo ya mwisho, waliitikia kwa pamoja, haraka sana, kabla hajabadili mawazo.