Kuni za Kipaimara cha Lea

Jumatatu, 11 Novemba 2024

Mkaa umepanda tena. Bei siiandiki, nitachafua daftari. Jumapili ni kipaimara cha binti yetu Lea, wageni themanini, na hawatashiba nyimbo. Restuta, mke wangu, kasema jirani yetu Masudi yuko tayari kutuazima majiko yake mawili makubwa ya gesi, pamoja na mitungi. Masudi! Mrangi, kahamia juzi kutoka Kondoa, leo mtaa mzima wa Nkuhungu unamsifu kwamba jikoni kwake hakuna moshi. Nimemwambia Restuta wali wa gesi hauna harufu ya shughuli. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata akili. Nimezoa chenga za mkaa kwa wauzaji wote wa mtaa, bure. Wenzangu huzishikiza kwa udongo. Wajinga. Udongo unawaka? Mimi nimetumia mashudu ya alizeti, bado yana mafuta. Nimefinyanga matonge mia nne, nimeyaanika uani juu ya turubai. Masudi abaki na mitungi yake.

Jumatano, 13 Novemba

Mbuzi wa Masudi wameyala. Yote! Midomo myeusi, wanacheua wametulia. Nimekwenda kwake. Kaniuliza kwa upole, mzee mwenzangu, ni mbuzi gani wa Dodoma atayapita mashudu? Majirani wakacheka. Mimi, Mgogo, mtoto wa mfugaji, nimewatengea mbuzi wa Mrangi chakula nikakaa kusubiri kikauke. Kisha akarudia habari ya majiko yake. Nikamjibu afadhali wageni wale mchele mbichi.

Ijumaa, 15 Novemba

Uani kwetu una mwarobaini. Restuta aliupanda wiki aliyojifungua Lea. Miaka kumi na minne umesimama tu, haujachangia hata kijiti. Leo mama na mtoto walikwenda Ipagala kwa fundi kuchukua gauni. Nikamwita Denis, mkata miti wa mtaani, na msumeno wake wa mashine. Dakika ishirini, kazi imekwisha.

Waliporudi, Lea alisimama getini na gauni mkononi. Akauliza, baba, sasa tutakaa wapi? Nikamwambia kwenye viti. Restuta akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Hakuna shukrani katika nyumba hii.

Jumapili, 17 Novemba

Kuni mbichi hazina adabu. Moshi mtupu. Saa nane mchana maharage bado yanagongana sufuriani, wali juu mbichi, chini umeungua. Jua la utosini, na uani hakuna kivuli hata cha kuku. Shemeji yangu ndiye aliyeanza. Akabeba kiti chake, akaenda kukaa kwa Masudi kwenye kivuli cha miti ya mikungu. Wengine wakamfuata.

Kufika saa kumi kipaimara cha binti yangu kilikuwa uani kwa jirani. Keki ilikatwa huko. Pilau ilipikwa huko, kwa gesi. Wakaniletea sahani. Nikasema sili. Nikala. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniuma. Kwenye picha Lea hakuniita.

Jumamosi, 23 Novemba

Nyumba imekuwa tanuri. Mchana hatukai ndani wala nje. Wa kulaumiwa ni Denis, alikata haraka mno, hakunipa nafasi ya kufikiri. Lea hunipa shikamoo na kupita, neno jingine hana.

Leo yeye na mama yake wamepanda mche mwingine palepale, wameuzungushia miiba. Nikamwambia Restuta anajisumbua bure, mbuzi wa Masudi siku hizi wanafungwa. Akasema miiba haikuwekwa kwa ajili ya mbuzi. Sikumwelewa. Walipoingia ndani nikapenyeza mkono, nikalipima shina kwa vidole. Limenyooka vizuri. Lea akija kuolewa, litaivisha sufuria tatu.