Kura ni Bure

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeanza shajara leo, maana watu wakubwa huandika mambo yao. Mimi Telesphori, mwaka wa pili, Waziri wa Sanaa na Utamaduni katika serikali ya wanafunzi wa chuo chetu hapa Shinyanga. Nilipita bila kupingwa. Hakuna mwingine aliyechukua fomu. Namshukuru Mungu kwa imani hiyo ya wananchi.

Ratiba ya Wiki ya Sanaa nimeibandika ubaoni. Jumatano ushairi. Alhamisi maonyesho ya vikapu. Jumamosi saa nane ndiyo kilele: kwaya ya chuo, igizo la mwaka wa kwanza, na ngoma ya akina mama wa Ushirombo. Watazamaji watapiga kura kumchagua mshindi. Kiongozi wa ngoma ya Ushirombo ni Mama Monika. Ni mama yangu mzazi. Hilo sikuliandika ubaoni.

Mama hajawahi kukanyaga chuo. Nimemwambia kwenye simu kwamba ukumbi wetu hujaa mpaka watu wanakaa madirishani. Mwaka jana walikuja kumi na mmoja, na wawili walikuwa wanatafuta pa kuchajia simu. Mama akicheza mbele ya viti vitupu, nitauficha wapi uso wangu?

Jumanne, 10 Juni

Wilbard, Waziri wa Michezo, ameweka fainali ya mpira Jumamosi saa nane. Saa ileile! Kanipa mkono, akasema siku nyingine haikupatikana. Alitabasamu. Silipendi tabasamu lile. Tena wachezaji wake wameandaliwa wali na mbuzi wawili. Mimi nimeandaliwa chaki.

Mwalimu Donatus, mlezi wa wanafunzi, kaniita ofisini. Kasema ukumbi ukiwa mtupu tena, mwakani sanaa itawekwa chini ya michezo. Chini ya Wilbard! Nikamshukuru kwa kuniarifu mapema. Sijui kwa nini nilimshukuru. Ni malezi.

Mchana Mama Melania wa kantini kaniongezea maharage bila kuombwa, akisema nimekonda kwa mawazo. Mungu ambariki mama huyu. Maharage yalipotulia tumboni, wazo likaja.

Jumatano, 11 Juni

Wazo ni chatu. Asubuhi nimemnong'oneza kinyozi wetu, kwa siri kubwa, kwamba wacheza ngoma ya nyoka walikuja kufanya mazoezi, na chatu wao kapotelea kwenye majani ya uwanja wa mpira. Hakuna mcheza nyoka aliyekuja. Lakini siri ukimpa kinyozi umeipa redio. Saa sita chatu alikuwa na urefu wa mita sita na ameshameza mbwa. Saa kumi Wilbard kaahirisha fainali. Ushindi!

Alasiri ushairi. Nimesoma shairi langu la beti thelathini na mbili. Aliyebaki mpaka mwisho ni Mama Melania peke yake. Alikuwa anasubiri vikombe vyake. Hata hivyo alibaki.

Alhamisi, 12 Juni

Nilisahau jambo moja dogo. Ukumbi uko ubavuni mwa uwanja. Hakuna mwanafunzi anayekatiza huko tena. Vikapu vimetazamwa na mimi na mlinzi, na mlinzi alikuja na panga. Nikawaambia watu kwamba chatu ni uzushi. Wakaniuliza nimejuaje. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mama kapiga simu. Wameshona sare, wanawake kumi na wanane, kitenge kimoja. Akauliza kama mkuu wa chuo atakaa mbele. Nikasema ndiyo, mama. Nikaaga upesi. Nikasingizia mtandao.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeamka na jibu. Wananchi wa mtaani! Wao chatu hawamwogopi, wengine wamekua naye. Tena mkulima ukimpa kura atachagua ngoma, hawezi kuchagua igizo la watu wanaokaa vitini na kulia.

Masalu, mwenye kibanda cha steshenari getini, ana spika juu ya pikipiki. Kwa kawaida hutangaza sumu ya panya. Kakubali kuzunguka bila malipo kwa kuwa nilimfundisha binti yake kuandika insha. Kwa nini watu ni wema kiasi hiki? Maneno nimeyarekodi mwenyewe kwenye simu na kumtumia, maana wenzangu wengi wa huku huchanganya R na L, na mimi nimesoma seminari. Nikasema: kesho saa nane, ukumbi wa chuo, kura ni bure, kila mtu ana haki ya kura, njooni na majirani.

Masalu akapiga kuhakikisha. Bure kabisa? Bure kabisa. Hata watoto? Hata watoto, nikasema, kwa moyo mkunjufu. Akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, na sauti yake ilikuwa na majonzi kidogo. Nikaguswa. Kumbe watu wanaipenda demokrasia hivi!

Karatasi za kura hatuna. Tutatumia karanga: kila mtu punje moja, aitie kwenye kibuyu cha kundi analolipenda. Mama Melania kaniazima ndoo nzima. Nyingine nimejaza mfukoni kwa ajili ya kibuyu cha mama. Si wizi. Ni upendo wa mtoto.

Jumamosi, 14 Juni

Mungu wangu.

Saa sita uwanja mzima umejaa. Wametoka mpaka Ibadakuli, kwa miguu, kwa baiskeli, bibi zao mgongoni mwa pikipiki. Nilitaka kulia kwa furaha. Ndipo nikaona sahani. Kila mtu ana sahani. Watoto wana vijiko. Mama mmoja kaja na sufuria yenye mfuniko. Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita baba, akauliza maji ya kunawa yako wapi.

Nikamkamata Masalu. Umetangaza nini? Akasema, ulichonituma. Akaicheza ile sauti mbele ya Mwalimu Donatus. Ilikuwa yangu, siikatai. "Kula ni bule! Kila mtu ana haki ya kula!" Mwalimu Donatus alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikaeleza kwamba ni simu. Kinasa sauti chake hakishiki vizuri R.

Hapo hapo basi la Ushirombo likaingia. Shikamoo, mama. Marahaba. Akautazama umati, akazitazama sahani, akanitazama mimi. Mama ananijua. Akawaambia wenzake washushe magunia. Walikuwa wamebeba michembe, magunia matatu ya viazi vikavu, ili mtoto wa Monika asife njaa chuoni. Wakapanga mafiga. Mama Melania akatoa masufuria yote ya kantini.

Kisha nikamwona Wilbard anakuja. Nikajua amekuja kunicheka. Alikuwa amebeba mchele begani, na nyuma yake wachezaji wanavuta mbuzi wawili wa ile fainali. Akauliza kwa sauti kama kuna mchinjaji katika umati. Walikuwepo saba. Akavua shati, akaanza kupasua kuni. Akaniambia kwamba mtu hawezi kurudishwa nyumbani na sahani tupu.

Ngoma ikapigwa palepale nje. Nusu ya akina mama wanacheza, nusu wanakoroga, wanapokezana mwiko na njuga. Wanafunzi wakasikia harufu ya mbuzi, wakamsahau chatu. Kwaya ikaimba foleni inaposogea. Watu zaidi ya mia nne! Mkuu wa chuo alikaa mbele kabisa, na sahani yake. Mama akamchezea mpaka akasimama. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale, akacheka. Nimelia. Naandika wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kura haikupigwa. Mama aliikuta ndoo ya karanga, akazitwanga zote kwenye michembe. Za mfukoni nilikuwa nimeshazitafuna kwa wasiwasi. Mwalimu Donatus kaamua hakuna mshindi, na Wiki ya Sanaa ibaki ilivyo. Ila mwakani matangazo atasoma yeye.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani leo orodha yangu ya shukrani imeishinda misa kwa urefu. Mama kabla ya kupanda basi kaniagiza nimwendee Wilbard. Nilimkuta anasugua masufuria ya kantini. Nikamshukuru kwa moyo wote. Akasema si neno, na kwamba chatu akipatikana nimpe salamu. Akatabasamu.

Nimelitafakari tabasamu lile mchana kutwa. Mbuzi wawili! Kuni! Masufuria! Huyu anautaka urais wa wanafunzi. Basi nagombea mimi.

Nimeshamrekodia Masalu ujumbe mpya: kuanzia kesho nitapita nyumba kwa nyumba, bweni kwa bweni, kuomba kura. Safari hii nimetamka polepole, herufi kwa herufi, simu nikiwa nimeiweka mbali na mdomo. Kajibu palepale. Kasema nisione aibu kabisa, hali hii humpata yeyote, nianzie kwake kesho mchana na mkewe ataongeza unga.

Sijaelewa unga umeingiaje kwenye siasa. Lakini nashukuru sana. Kura ya kwanza hiyo!