Kofia Nyekundu na Lango la Nyuma

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Mama amemwita Mkandaji "mwanangu". Mbele ya watu. Mbele yangu mimi, mwanawe wa pekee, nimeshika sinia la chai!

Nieleze, ili siku nikisoma tena nisijione mwendawazimu. Mimi ndiye mratibu wa kituo cha wazee cha mtaa wetu. Mama huja kila siku, hukaa kiti cha dirishani na kukosoa chai yangu. Mkandaji ni yule bwana mwenye kipara aliyeletwa kuwanyoosha wazee viungo. Siku hizi akiingia tu na mafuta yake, wazee wanakunja suruali hadi magotini na kumngojea kama watoto wanaongojea peremende. Leo amemkanda Mama mguu. Mama akasema Mungu akubariki mwanangu, mikono yako ina baraka. Mikono yangu imebeba masinia tangu kituo kifunguliwe na haijawahi kusifiwa.

Wivu? Hapana. Nasikitika tu watu wanavyodanganyika kwa mafuta.

Jioni nimepata wazo. Nitawapeleka wazee kutembelea ile ngome ya kale kilimani. Safari ya taratibu: basi lenye kipandio cha chini, mabenchi ya kupumzikia, choo karibu. Kazi yangu mwanzo mwisho. Mama ataona nani mwana na nani mpita njia.

Jumanne, tarehe 5

Nimetangaza safari. Makofi. Nilikuwa nimeshavimba kichwa mpaka Mama alipouliza kama Mkandaji naye atakuja. Nikajibu basi ni dogo. Mkandaji, kwa ule upole wake unaonikera, akasema yuko radhi kusimama. Mama akasema haiwezekani, atakaa naye. Kiti hicho nilikuwa nimejiwekea mimi.

Mke wangu ameniambia nishukuru kupata msaidizi. Mke wangu haelewi mambo haya.

Jumatano, tarehe 6

Nimekwenda peke yangu kuikagua ngome. Lango kuu lina ngazi za mawe, ndefu, zimelika katikati, hazina pa kushika. Mzee Redio, tunayemwita hivyo kwa sababu hazimiki, anatembelea kiti cha magurudumu. Hapo hapandi mtu.

Lakini kuna lango la nyuma. Zamani mikokoteni ya nafaka ilipitia huko, kwa hiyo njia ni pana, ina kivuli, na inapanda kidogo kidogo bila mtu kuhisi. Choo kipo karibu na mlango, kiti cha magurudumu kinaingia na kugeuka. Nimekalia kila benchi uani. Nimefungua kila bomba. Mratibu mwingine angewaambia wazee habari hizi na kwenda kulala.

Mimi nimefikiria mbali. Basi litashusha watu lango kuu. Wazee wataziona ngazi na kukata tamaa. Mkandaji atakuna kipara, atajaribu kumbeba mtu, atashindwa. Hapo ndipo nitakaposema: wazee wangu, nifuateni. Mama atalia.

Nimezungumza na mlinzi wa lango la nyuma. Mtu wa amri huyo, ikishamwingia kichwani haitoki. Nimemwambia siku ya safari lango likae limefungwa, asimfungulie yeyote ila mtu mwenye kofia nyekundu na wazee alioongozana nao. Nimemwonyesha kofia yenyewe. Nimesisitiza kwamba hata mtu akilia, asifungue. Amejibu kwamba kwake yeye kilio si kofia. Nimempenda sana.

Ijumaa, tarehe 8

Nimefua kofia. Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Mke wangu ameuliza ni nani ninayemwita wazee wangu bafuni.

Kituoni nimemkuta Mkandaji akiwazoesha wazee kuinua magoti, eti wasichoke kesho. Nikamwambia matembezi si idara yake. Mama akaniambia niache gubu. Mimi, gubu!

Jumamosi, tarehe 9

Naandika nikiwa nimelala, goti limefungwa bendeji.

Kwenye basi Mama alikaa na Mkandaji. Mimi nilikaa nyuma ya dereva, nikiwaangalia kwenye kioo chake. Walikuwa wanacheka. Nilimwuliza dereva wanacheka nini, akasema yeye anaendesha.

Lango kuu, mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Wazee walizitazama ngazi, wakanyamaza. Hata Mzee Redio alizimika. Nikasimama kwenye ngazi ya kwanza na kuanza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye historia ya mawe Mama aliponyoosha mkono na kunivua kofia. Akasema jua litamuua mtoto wa watu, mimi nina nywele. Akamvalisha Mkandaji kwenye kipara chake. Ilimkaa vizuri kuliko mimi, naandika haya kwa uchungu.

Nikaendelea kuhutubia. Roho iliniuma kwa ajili ya ile kofia kama kofia. Kwamba ilikuwa pia ufunguo, sikukumbuka kabisa. Mzee Redio akaomba choo. Mkandaji akamsukuma, wakazunguka ukuta kwenda kutafuta. Nikaona afadhali. Nikaongeza na vita vya zamani.

Mkandaji akarudi akihema. Akasema nyuma kuna njia nzuri kabisa, na mlinzi amempigia saluti na kumfungulia bila hata kumwuliza neno. Wazee wakageuka wote kwa pamoja. Nikabaki namhutubia dereva.

Nilipofika lango la nyuma, wote walikuwa wameshaingia na lango limefungwa. Nikagonga. Mlinzi akachungulia, akanitazama juu ya kichwa, akasema hapana. Nikamwambia ni mimi, yule wa juzi. Akasema uso wangu anaukumbuka vizuri sana, ila amri haikutaja uso. Mwenye kofia yumo ndani. Nikapandisha sauti. Akanikumbusha, kwa heshima zote, habari ya mtu akilia.

Nikarudi kwenye ngazi za mawe. Nilizipanda zote, nyingine kwa viganja. Katikati goti likateguka. Nilipotokea uani, wazee walikuwa wamekalia mabenchi yangu, kwenye kivuli changu, wanakula. Mzee Redio alikuwa anatangaza: mlinzi amemsimulia jinsi mwenye kofia nyekundu alivyokuja siku tatu kabla, akajaribu kila benchi kwa makalio yake mwenyewe. Wazee wakampigia Mkandaji makofi. Mkandaji akakana, akasema si yeye. Wakasema na unyenyekevu pia anao.

Kisha alikuja na mafuta yake, akanikanda goti. Nilijisikia vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama alikuwa ameniwekea nafasi ubavuni mwake, ameweka mkoba hapo ili asikae mtu. Akaniambia hakula, alikuwa anaangalia mlango mpaka nitokee. Akanikabidhi mkate wenye yai. Nikachungulia mkononi mwa Mkandaji. Wake ulikuwa na mayai mawili.

Jumapili, tarehe 10

Mama amekuja kuniangalia goti. Amesema hajafurahi hivi miaka mingi. Amesema aliyeitafuta ile njia amewafikiria wazee kama mama yake mzazi. Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Nikakumbuka nitaulizwa mengine. Nikaufunga.

Akanitazama. Akasema yeye si mjinga, Mkandaji hajawahi kufika kule, na ile kofia ni yeye aliyeninunulia. Anachotaka kujua ni kitu kimoja tu: kama nilikuwa naijua njia, kwa nini basi lilituteremsha penye ngazi?

Nikasema ni kosa la dereva.

Kisha akanishika shavu, akasema ugua pole, mwanangu. Amelitamka haraka haraka. Mkandaji alitamkiwa taratibu, nilikuwepo, nilisikia.

Mwezi ujao tunakwenda makumbusho ya reli. Mlinzi wa pale nimeshampigia simu. Kofia ni ya kijani, na leo nimeishonea kamba ya kufungia kidevuni.