Mbwa Wenu Amenenepa kwa Kutazamwa

Kwa Mkuu,
Kituo cha Utafiti wa Tabia na Afya ya Mbwa.

Ndugu Mkuu, mwanangu,

Nakuita mwanangu kwa sababu siku ile mliyotuita walezi wa mbwa kwenye ukumbi wenu wa viti vya kukunja nilikuona kwa macho yangu, na kwa umri unalingana na kifungua mimba wangu, ingawa wewe ulikuwa umechana nywele. Natumaini hujambo wewe, nyumbani kwako hawajambo, na mbwa wote mlio nao hawajambo. Sisi huku hatujambo isipokuwa kwa jambo moja, nalo ndilo limenikalisha mbele ya cherehani tangu asubuhi bila kushona hata kola moja.

Barua yenu tumeipata. Inasema kwamba Karani, mbwa mliyetuletea tumlee kwa ajili ya utafiti, ameongezeka kilo tatu wakati alitakiwa abaki mwembamba. Kwamba "mlezi hakufuata maelekezo ya lishe". Na kwamba Ijumaa gari linakuja kumchukua apelekwe kwa mlezi mwingine. Mlezi anayesemwa hapo ni mimi. Nimeisoma mara tatu nikidhani labda inamhusu mama mwingine.

Mimi darasa nililoishia ni la nne. Lakini pale ukumbini nilisikiliza kuliko wale waliosoma, ambao walikuwa nyuma wanasinzia, na kila mliloeleza kuhusu mbwa nimelitia kichwani. Kwa hiyo malalamiko haya nimeyajenga kwa maneno yenu wenyewe. Makosa ya herufi ni yangu, hoja ni zenu.

La kwanza ni chakula, tulimalize. Mlituambia mbwa anayelishwa kwa kipimo huishi muda mrefu kuliko anayekula mpaka tumbo limkatae. Mimi nataka Karani aishi. Kikombe chenu chenye mstari mwekundu ndicho ninachotumia, asubuhi na jioni, na punje ikivuka mstari naitoa kwa kidole. Nilipoona moyo unaanza kulegea nikamwomba baba watoto, ambaye ni fundi kufuli, atie kufuli kwenye kabati na ufunguo akae nao yeye. Mezani kwetu mbwa hapewi kitu. Naandika nikiwa na akili zangu timamu: katika nyumba hii hakuna kiumbe anayelishwa kupita kiasi. Sasa kilo tatu zimetoka wapi? Fuatana nami taratibu.

La pili ni nyusi. Ninyi wenyewe mlituonyesha picha ukutani, mkasema mbwa ana msuli juu ya jicho ambao mbwa mwitu hana, au anao kidogo mno, na kwamba aliupata kwa kuishi na watu miaka na miaka, ili ainue nyusi na kutuonea huruma. Yaani si ili atuonee huruma yeye, ili sisi tumwonee. Watu ukumbini wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huo Karani alikuwa kwangu tayari na nilikuwa nimeshapigwa na hizo nyusi wiki nzima. Mnajua silaha hiyo iko usoni kwake, mmeichunguza, mna picha zake, halafu mnamleta kwa mwanamke aliyelea watoto wanne? Nimejitahidi. Nilitundika khanga kati ya cherehani na mlango ili tusionane. Akalala chini, akanitazama kwa kupitia upenyo ulio juu ya pedali.

La tatu linatokana na hilo la pili. Mlisema mbwa na binadamu wakitazamana machoni, mwilini mwa wote wawili hupanda kitu kile kile kinachopanda kwa mama anapomtazama mtoto mchanga. Hilo nililiamini papo hapo, maana nililisikia kifuani. Sasa mwanangu, wewe uliyesoma, niambie. Kitu kikipanda mwilini, si kipo? Na kitu kikiwepo, si kina uzito? Baba watoto alinioa akiwa amekonda kama ufito, na mwezi wa kwanza sikuwa najua kupika hata maji, lakini akanenepa. Tulikuwa tunatazamana. Mizani yenu haina makosa; mnachokipima ndicho hamkijui. Naomba kituo kifanye utafiti wa kujua mapenzi yana gramu ngapi, kisha mzitoe kwenye hizo kilo tatu ndipo mje kunihukumu.

La nne nilikuwa nalo, lakini fundi wa bomba alibisha hodi nikaenda kumfungulia, na niliporudi lilikuwa limeondoka. Nikilikumbuka nitaliweka chini.

La tano ni la nywele. Mlikata nywele za Karani, mkakata na zangu hapa kisogoni, mkatuambia kwamba mwenye mbwa akiwa na wasiwasi wa muda mrefu, mbwa naye huupata, na unaonekana kwenye nywele. Majibu yetu yakafanana. Binti wenu mpimaji alinieleza kwa upole kwamba mimi nina wasiwasi. Hilo halikuhitaji mkasi. Wangeniuliza ningewaambia. Kifungua mimba wangu ni dereva wa lori, anakwenda safari za mbali, na hapigi simu. Akipiga anasema, "Mama, niko sawa, mtandao unakatika," na mtandao unakatika kweli. Kila gari likipunguza mwendo hapa nje mimi huacha sindano ndani ya kitambaa nikaenda dirishani. Karani naye huinuka. Siku hizi ananitangulia.

Mnaona sasa mambo yanavyokwenda. Mwanangu hapigi simu, mimi napata wasiwasi, wasiwasi unaingia kwa mbwa, na kiumbe mwenye mawazo mwili wake hauendi sawasawa, nyote mnajua. Kwa hiyo anayemnenepesha mbwa wenu ni dereva wa lori aliye mbali na hata hajawahi kumwona. Naomba kituo kimwandikie rasmi, kwa karatasi yenye nembo na kupigwa muhuri, kwamba kwa sababu za kisayansi anatakiwa kumpigia mama yake simu kila jioni, tena asimame kando ya barabara kwanza. Mimi nikisema hanisikii. Muhuri atausikia.

La sita. Barua yenu inadai kwamba siku mpimaji alipotaja kilo hizo, Karani alijikunyata na kugeuza uso, "dalili inayoweza kuashiria kulishwa kwa siri". Nani aliandika hayo? Huyo naye alikuwa amesinzia ukumbini. Mlitueleza kwamba ile sura ya hatia ya mbwa si hatia. Mbwa huiweka anaposikia anakaripiwa, hata kama hakufanya lolote, na aliyekosa na asiyekosa sura ni moja. Basi hata mimi niligeuza uso siku hiyo, na wifi yangu ni shahidi. Mimi nikikaripiwa hukaa hivyo hivyo tangu utotoni. Niliwahi kuadhibiwa shuleni kwa sababu ya sura tu, na aliyevunja dirisha akaenda zake nyumbani kula.

Huyo wifi niliyemtaja, dada wa baba watoto, hakunisaidia. Alisoma barua yenu akaiweka mezani akasema, "Wifi, kama mbwa mmoja amekushinda, wajukuu utaletewa kweli?" Neno hilo limekaa. Nimeshona mikono miwili ya shati la shule upande mmoja kwa sababu yake.

La saba. Mlisema wapo mbwa wanaozaliwa na kasoro ndogo kwenye urithi wao, njaa haiwaishi hata wakila. Na kama Karani ni mmoja wao? Kitinda mimba wangu alizaliwa hivyo. Alimaliza ziwa akalia, akamaliza uji akalia, mpaka leo ana miaka ishirini anafungua sufuria akiwa amesimama. Hakuna kituo kilichowahi kuleta gari Ijumaa kumhamishia nyumba nyingine, ingawa yako majuma ambayo nisingekataa.

La nane ndilo kubwa. Mnataka kumpeleka kwa mwalimu mkuu mstaafu wa mtaa wa nyuma. Namheshimu. Alinifundishia watoto wawili, na mbwa wake wa utafiti amebaki mwembamba kama mlivyotaka. Lakini yeye mwenyewe pia ni mwembamba, na mke wake, na paka. Ni nyumba isiyo na sauti ila ya redio ya taarifa ya habari. Mbwa wake anapoingia chumbani husimama mlangoni akisubiri kuruhusiwa. Ninyi ndio mliosema mbwa husikiliza maneno na pia namna yanavyosemwa, na sifa isiyosemwa kwa sauti ya furaha haimwingii. Mwalimu anamwambia mbwa wake, "Vizuri, endelea." Jamani. Hapa kwetu Karani anasemeshwa tangu alfajiri. Naye ana kazi: hukaa mlangoni kumkagua kila mteja anayeleta nguo, ndiyo maana tukamwita Karani, na wateja wengine humpa habari zao kabla ya kunipa mimi vipimo. Ukimtoa hapa ukamweka kwenye nyumba ya taarifa ya habari, hizo nywele mtakazomkata mwakani msiniulize mimi.

Nimelikumbuka la nne. Mlisema binadamu akipiga miayo mbwa naye huweza kuambukizwa miayo. Sikumbuki tena nilitaka kulitumia wapi, lakini ni kweli, tumejaribu.

Kwa hiyo, mwanangu Mkuu, naomba mambo matatu. Gari la Ijumaa lisije. Yale maneno ya mlezi kutofuata maelekezo yafutwe, na nipewe barua nyingine nimwonyeshe wifi. Na dereva wa lori aandikiwe. Mkikataa hayo yote, basi kwa ule utafiti wenu wa kutazamana mimi ni mama wa Karani, na mama hanyang'anywi mtoto kwa sababu amependeza. Nitakaa mlangoni naye, tutainua nyusi wote wawili, tuone huyo dereva wenu wa gari kama ataweza kushuka.

Nisalimie walinzi wa getini, na yule mama wa mapokezi mwambie mafua yale ajifukize. Wasalimie wapimaji wote na wote waliokuwa wamesinzia. Baba watoto anakusalimu. Karani angekusalimu lakini amelala juu ya mguu wangu, na ndiyo maana mwandiko umepinda.

Wako katika ulezi, mwenye moyo uliojaa na kikombe kisichovuka mstari,

Mama Karani,
fundi wa sare za shule.

Nyongeza. Barua hii nilikuwa nimeshaitia gundi. Baba watoto akataka nimsomee kabla haijaondoka, nikaifungua kwa mvuke wa birika. Alisikiliza mpaka mwisho, tupa yake ya kuchongea funguo mkononi. Kisha akauliza: huyo binti mpimaji anampimaje mbwa?

Nikamweleza. Karani anaogopa mizani, akisimamishwa juu yake miguu inamtetemeka. Kwa hiyo binti humbeba, wakapanda wote wawili, halafu anatoa uzito wake yeye binti, ule aliojipima siku ya kwanza alipokuja, kinachobaki ndicho cha mbwa. Akauliza kama binti huyo akija hapa anakula. Nikamwambia anakulaje asile? Mtoto wa watu anatoka huko kwa miguu na mizani begani, kakonda, halafu aondoke mdomo mkavu? Anakula, anaongezwa, na anafungiwa cha njiani. Mkono wangu una mazoea, mwanangu. Mlinikataza kumpakulia mmoja, ukampakulia mwingine.

Baba watoto akaweka tupa chini. "Mama," akasema, "aliyenenepa si mbwa."

Nilikasirika. Ndipo nikakumbuka lile koti lake jeupe la kazi. Nimemfumulia mishono ya ubavuni nikampanulia mara mbili, na mara ya pili alisema ni sabuni ya kituo inayobana nguo. Sasa hakuna tena kitambaa cha kuachia. Tukamwita Karani tukamtazama mkanda wa shingo: uko kwenye tundu lile lile alilokuja nalo.

Basi hayo ya nyusi, na ya mapenzi kuwa na gramu, yaacheni yalivyo, sina karatasi nyingine. Ila dereva wa lori bado aandikiwe.

Na nakuomba binti asilisikie hili kwanza huko kwenu, mtamwaibisha mbele ya wenzake. Kesho ndiyo siku yake ya kuja kupima. Nitamwambia mwenyewe, akishakula.