Niliyemwamkia ngedere shikamoo ni mimi

Jamani, leo nimeadhirika. Na siyo aibu ya kujikwaa, ukainuka, ukajikung'uta vumbi ukaendelea na safari. Nimeaibika mbele ya mkwe, na mbele ya mnyama.

Nianze mwanzo. Wengi wenu mnamjua Adela, mchumba wangu, mwalimu wa darasa la kwanza kule Rulenge. Jumamosi ijayo wazee wangu walikuwa waende kwao kupeleka posa. Kwao ni Wahangaza, sisi ni Wasukuma tuliohamia Biharamulo na ng'ombe wetu, na mpaka hapo hakukuwa na tatizo lolote. Ila kwao neno la mwisho hatoi baba. Anatoa shangazi. Shangazi akikataa, mzee hana la kuongeza. Basi leo shangazi akaja na Adela hapa Biharamulo, akasema amekuja kutembea tu. (Hakuna shangazi anayekuja kutembea tu.)

Adela naye alikuwa na shida yake. Wanafunzi wake wamefika kwenye herufi N, akataka picha za wanyama wa kubandika ukutani. Nikasema hilo dogo, hapa kwetu kuna kibustani cha wanyama, twendeni. Kabla hatujaingia getini akanivuta pembeni akaniomba jambo moja: leo nisikilize kuliko kusema. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Simu yangu ina kamera nzuri, na mdomo wangu hauna kufuli. Nikaona siku imejipanga yenyewe.

Tulianza na nungunungu. Nikamwambia shangazi kwamba kinyozi wa huyu alisafiri, hajarudi mpaka leo. Shangazi akacheka. Ngiri akapita mbio, mkia juu, nikasema anatafuta mawimbi ya redio. Shangazi akashika mbavu. Tulipofika kwa nyumbu nikasema huyu aliundwa kwa vipuri vilivyobaki kwa wenzake. (Mimi ni fundi pikipiki, hayo ndiyo mambo yangu.) Hapo shangazi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaniita "mwanangu".

Mwanangu! Hapo ndipo ningesema koo linaniuma. Ningenyamaza hapo, saa hizi ningekuwa nawagawia kadi za michango.

Tukafika kwa ngedere. Alikuwa amekaa juu ya gogo, anajichambua kifua taratibu, hana haraka na mtu. Shangazi alisimama. Hakucheka. Akasogea karibu na wavu, akapunguza sauti, akaanza kumsemesha kwa Kihangaza. Mimi Kihangaza changu kinaishia kwenye salamu. Nikadhani mama wa watu amechoka na jua. Nikaona nimchangamshe.

Nikaanza. Kwamba hawa ni wezi wa mahindi, tunawajua vizuri sana. Kwamba mimi utotoni ndiye niliyekuwa nalinda shamba la baba, na kombeo langu lilikuwa halikosi. Adela akanikanyaga mguu. Nikamuuliza kwa sauti mbona ananikanyaga. Akatazama juu, kama anahesabu mabati ya banda. (Hapo hata mbuzi angeelewa.)

Shangazi akauliza bila kugeuka, "Na ukimpata unamfanyaje?"

"Namlaza, shangazi. Nimelaza wengi tu. Mmoja mkia wake niliufunga kwenye baiskeli."

Adela akafumba macho.

Shangazi akageuka polepole. "Huyu ndiye muziro wetu," akasema. "Mwiko wa ukoo. Hatumpigi, hatumli, hatumcheki. Kanisani naenda, lakini ukoo ni ukoo. Na wewe umefunga mkia wake kwenye baiskeli."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo panaponiuma. Mimi sijawahi kuua ngedere. Hata mmoja. Mimi ngedere nawaogopa. Siku ile shambani wao ndio walionikimbiza, nikaacha kombeo na ndala moja, nikafika nyumbani nalia. Na baiskeli yenyewe hatukuwa nayo. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama pale na njia mbili tu: niwe muuaji wa ndugu wa shangazi, au niwe mwongo.

Nikachagua kuwa mwongo, yaani nikasema ukweli. "Shangazi, nilikuwa najisifu tu. Sijaua."

Akanitazama toka juu mpaka chini, akarudi juu. "Kwa hiyo kaka yangu nimpelekee mwongo?"

Nikamtazama Adela anitetee. Alikuwa anatazama simu yake, na simu yenyewe ilikuwa imezimwa.

Kisha shangazi akaninyooshea kidole kwenye wavu. "Mwombe radhi."

"Nani, shangazi?"

"Huyo."

Ndugu zangu, nyuma yetu kulikuwa na akina mama wa kwaya waliokuja matembezi, na vijana wa bodaboda, wateja wangu mwenyewe. Nilichuchumaa. Sikujua unaanzaje na ngedere. Ila nilijua kwamba pale nipo mbele ya ukoo wa watu, na mtoto aliyelelewa hutanguliza salamu. Nikasema, "Shikamoo."

Kwaya nzima ilikaa chini kwa kicheko. Shangazi hakucheka. Akaniambia niendelee.

"Mzee, naitwa Shija, wa hapa Biharamulo. Sijamgusa mtu wa kwenu. Nilikuwa natafuta sifa. Naomba unisamehe."

Yule ngedere aliacha kujichambua. Akanitazama. Nawaambieni alinitazama usoni, kama mzee wa baraza anayepima shahidi. Halafu akageuka taratibu juu ya gogo lake, akanipa mgongo.

Shangazi akaitikia kwa kichwa. "Umeona. Hata yeye hajakubali."

Wakaondoka. Kitenge nilichomnunulia shangazi nilibaki nacho mkononi, kwenye mfuko wake wa dukani. Nilitaka Adela aseme lolote, hata anitukane. Alipanda gari akakaa dirishani, na nilipopunga mkono niliona macho yake yamejaa machozi. Hapo utani wote ukaniisha. Mtu aliniomba jambo moja tu, nisikilize, na mimi nikatoa hadithi ya baiskeli ambayo hatukuwa nayo. Nimerudi gereji, nimefungua injini ya mteja, sasa sikumbuki kipi kinaanza kurudi.

Punde hivi Adela ameniandikia. "Shangazi anasema posa isubiri. Kila Jumapili uende kumsalimia ngedere, mpaka siku atakapokugeukia mwenyewe. Utume video. Na usipeleke ndizi, hiyo ni rushwa."

Kwa hiyo mkiona video ya mwanaume wa shati la kijani amechuchumaa mbele ya wavu, ni mimi, hakuna haja ya kunitumia. Wahenga walituonya kuhusu kesi ya nyani hakimu akiwa ngedere. Yangu ndiyo hiyo, na hakimu hapokei hata ndizi. Msicheke, jamani. Niambieni tu, Jumapili nani ananisindikiza?