Kila Namba Ishuke

Jumanne, 3 Juni

Leo nimekabidhiwa jukumu. Hatimaye!

Mke wangu, Mama Pacha, anayeoka nyumbani, amepata kazi ya kupeleka mikate na keki kwenye mkahawa wa chuo, upande wa pili wa mji, kila siku asubuhi. Anaanza Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Chuo kimemwambia wazi: akichelewa mara mbili, wanamtafuta mwingine. Teksi zinakula faida yote. Kwa hiyo anataka gari. Si la kununua, la kukodi. Unatoa kianzio, unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu, kisha unawarudishia wenyewe gari lao. Kampuni ya magari imempa karatasi ya masharti. Ameniomba niitazame, nimwambie kama ni ya haki au wanataka kumpiga.

Ameniomba mimi! Na amwombe nani mwingine? Siku zote niko idara ya ununuzi, kiwanda cha rangi. Hakuna brashi, kopo wala ufagio ulioingia pale bila mimi kuubishania bei. Wauzaji wananiita Bwana Punguza. Wanadhani wananitukana.

Amerudia zaidi ya mara moja kwamba nitazame tu, nisisaini. Nimemwambia asinifundishe kazi, mimi mtu mzima.

Jumatano, 4 Juni

Nimeisoma karatasi wakati wa chakula cha mchana. Yaani, nimeitazama. Namba tupu! Namba juu, namba chini, namba pembeni zenye vinyota. Kodi ya mwezi, kianzio, kilomita unazoruhusiwa kwa mwezi, sevisi za bure, siku za kubadili mawazo na kurudisha gari, adhabu ya hiki, adhabu ya kile. Nani ana muda huo? Kazini nina kanuni moja tu na haijawahi kuniangusha. Namba ya muuzaji ni namba ya kushushwa.

Jioni akaja shemeji. Hakualikwa. Huyu ni mdogo wake Mama Pacha, anafanya kazi benki, anavaa tai hata siku ya kufua. Akaichukua karatasi, akaipitia polepole huku anatikisa kichwa kama mganga wa meno. Akasema anaiona ya haki. Kodi iko juu kidogo, lakini kilomita wametoa nyingi, na kwa kazi ya dada yake kilomita ndiyo kila kitu. Akaniuliza kama nimepima umbali wa kutoka hapa hadi chuoni.

Nipime mimi? Nimekuwa fundi cherehani? Nikamjibu kwamba gari hukodiwa kwa pesa, si kwa umbali. Akatabasamu lile tabasamu lake la dirisha la benki. Mama Pacha naye akatabasamu. Sikulipenda hata kidogo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeomba ruhusa kazini na kwenda kwenye kampuni ya magari. Mkakati: nionekane mtu mzito. Nilivaa koti la mhasibu wetu na miwani ya jua, muuzaji asiyaone macho yangu yakitamani. Wale watu wana mlango wa kioo kisafi kupita kiasi. Nimekigonga kwa paji la uso. Wakaniletea kiti, maji na taulo lenye barafu. Mwanzo mbaya kwa mtu mzito.

Muuzaji ni mtu wa makamo, ananukia marashi, meno yote nje. Nikamwambia masharti yake ni matusi. Akasikitika. Nikasimama kwa hasira, nikaondoka. Sokoni ukiondoka hivyo unaitwa kabla hujafika hatua ya tatu. Huyu hakuniita! Nikatembea kizembe. Nikafika getini. Nikainama kufunga kamba za viatu, nimpe nafasi. Viatu vyangu havina kamba. Mlinzi akaniuliza kama naumwa tumbo.

Nikarudi ndani kujifanya nimesahau miwani. Ilikuwa usoni.

Bado sijashindwa. Nimemwachia jambo la kulifikiria.

Jumamosi, 7 Juni

Ushindi! Ushindi! Naandika haraka, mwandiko usomeke vyovyote.

Mama Pacha kaondoka asubuhi kwenda kuwatembelea pacha wetu shuleni, bweni, atarudi kesho usiku. Nikasema leo ndiyo leo. Nikaenda bila koti, bila miwani. Nikaiweka karatasi mezani, nikamwambia muuzaji: kila namba iliyomo humu ishuke. Akauliza, kila namba? Kila namba! Akauliza ishuke hadi wapi. Nikamwambia hadi yeye mwenyewe aone aibu.

Alinitazama juu mpaka chini. Akaenda kwa bosi wake, nyuma ya kioo. Niliwaona wakizungumza. Bosi alinichungulia, akaketi, akainama akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika. Nilimhurumia. Si vizuri kumliza mwanamume mwenzako mbele ya wafanyakazi wake.

Muuzaji akarudi, uso umekaza, akaanza kushusha. Kodi ya mwezi, chini kidogo. Nikasema endelea. Sevisi za bure zilikuwa sita, nimezibana hadi mbili. Kilomita zilikuwa elfu moja kwa mwezi. Elfu nzima! Nikapiga meza. Zikawa mia tano. Nikapiga tena. Zikawa mia mbili, na hapo aliguna mpaka nikajua nimemgusa mfupa. Siku za kubadili mawazo zilikuwa saba, nimemwachia moja. Akaniuliza kwa upole kama nina uhakika na hiyo moja. Sauti yao inakuwa ya upole hivyo wakishaishiwa nguvu.

Namba moja tu ilimshinda kushusha, adhabu ya kila kilomita ya ziada. Alisema hiyo iko nje ya uwezo wake. Nikamwachia. Mtu lazima abaki na kitu cha kulisha watoto.

Nikasaini. Ndiyo, najua. Lakini unapomshika muuzaji namna hiyo humwachii akalale, ataamka na akili mpya. Nimesaini kwa jina langu kwa kuwa mwenyewe hayupo. Kianzio nimekitoa kwenye akaunti yetu ya pamoja, ile anayowekea pesa za keki. Nimerudi na gari! Dogo la mizigo, jeupe, viti viwili mbele, nyuma nafasi tele ya trei. Nimepiga honi mtaa mzima.

Jumatatu, 9 Juni

Mama Pacha alirudi jana amechoka, akalala moja kwa moja. Leo asubuhi kaliona gari. Alifurahi! Kwa muda mfupi, lakini alifurahi, nimeliona hilo kwa macho yangu. Kisha akaomba mkataba.

Aliusoma amesimama, mikono ina unga. Akauliza kama hizi kilomita mia mbili ni za wiki. Nikamwambia kwa fahari kwamba ni za mwezi. Akaketi. Akaniambia kwenda chuoni na kurudi ni kilomita ishirini na tano. Kwa hesabu yake zinatosha siku nane. Nikamsahihisha: tisa, kama siku ya tisa atakwenda na kurudi kwa miguu.

Akauliza tunaweza kuvunja mkataba hadi lini. Nikatazama. Hadi jana.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alilia palepale mezani, kimya kimya, akajifuta na unga ukambaki shavuni. Akasema kazi ile aliihangaikia mwaka mzima, aliomba jambo moja tu, nitazame nisisaini. Moyo uliniuma. Kweli uliniuma. Nilitaka kumwambia pole, nikasema kodi ni ya chini kuliko ya mtu yeyote mtaani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Halafu akampigia simu mdogo wake. Hilo nalo liliniuma, mahali pengine.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa muuzaji kudai tuanze upya. Alinipokea vizuri mno. Akanikumbusha kwamba ile siku moja niliipigania mwenyewe. Bosi wake alinipungia mkono kupitia kioo.

Sikukata tamaa. Njiani nikapata wazo, na ni wazo kubwa. Gari likienda mbele, kilomita zinapanda. Basi likirudi nyuma, zitashuka! Mama Pacha aende chuoni akitazama mbele, arudi kinyumenyume. Mwisho wa mwezi kilomita sifuri. Mwanamume mwenye akili hafungiwi njia!

Nimelijaribu jioni. Nimeendesha kinyumenyume kutoka nyumbani hadi dukani na kuzunguka uwanja wa mpira. Majirani walitoka kuniangalia. Mwenye duka alidhani gia zimenasa, akaniwekea jiwe nyuma ya gurudumu kwa nia njema. Nikalipanda. Nikashuka kutazama dashibodi. Zimepanda vilevile! Gari hili halina shukrani.

Shingo imekakamaa upande wa kushoto. Shemeji alinikuta nimekaa hivyo, akauliza ninamchungulia nani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudi kutoka kazini, nikafungua mlango, nikadhani nimekosea nyumba. Sebule tupu! Makochi hayapo. Televisheni haipo. Kabati la vyombo halipo, vyombo vimepangwa sakafuni vizuri. Nikapiga kelele za mwizi. Mama Pacha akatoka jikoni, akanieleza bila haraka kwamba ameviuza, apate kianzio kingine. Amekwenda na mdogo wake kwa muuzaji yuleyule. Amechukua gari jingine, la aina ileile, kwa masharti yale ya kwanza kabisa, jina lake mwenyewe. Wameisoma karatasi mstari kwa mstari. Hakushusha kitu, ila aliomba kilomita ziongezwe kidogo. Wakaongeza.

Nimemuuliza taratibu kama anaelewa kwa nini walikubali haraka hivyo. Nani aliwalainisha Jumamosi? Alinipa sahani yangu, nikatafuta pa kuketi.

Kodi ya gari langu nitalipa kwa mshahara wangu. Hilo alilisema akiwa amenipa mgongo.

Jumatatu, 16 Juni

Mama Pacha ameanza kazi. Aliamka alfajiri, akapakia trei, akaondoka amevaa kitambaa kipya kichwani. Nilisimama barazani nikampungia. Alipokata kona alipiga honi mara moja, sijui kwangu au kwa mbwa aliyekuwa barabarani. Alirudi anaimba. Wamemwongezea oda siku ya kwanza! Nilifurahi mpaka nikapiga makofi, halafu nikakumbuka kwamba shemeji naye atafurahi.

Magari mawili meupe uani, yanafanana kabisa. Moja lina matope. Langu linang'aa. Naenda kazini kwa miguu, nisilipotezee kilomita. Jioni nakaa ndani yake. Viti vyake ni laini, redio inashika stesheni zote, na ndiyo sehemu pekee ya kuketi tuliyobaki nayo. Shemeji alipita akagonga kioo, akauliza safari inakwendaje. Nikapandisha kioo.

Jumatano, 18 Juni

Muuzaji amenipigia simu! Mwenyewe! Anasema hajalala kwa kunifikiria. Ipo njia ya kunitoa kwenye mkataba ule: nisaini mwingine badala yake, kwa gari kubwa zaidi. Nani alisema hawa watu hawana utu?

Nimekwenda mchana huohuo. Na safari hii nimetumia akili. Kosa langu nimelichunguza vizuri, nikiwa nimekaa garini, na nimeligundua: nilishusha namba. Ndiyo maana kilomita zikapungua! Basi leo nimefika, nimeiweka karatasi mezani, nimemwambia kila namba iliyomo ipande. Kila namba, hata moja isibaki chini.

Hakwenda hata kwa bosi wake. Kilomita zimepanda. Sevisi zimepanda. Siku za kubadili mawazo zimepanda. Kodi imepanda, adhabu zimepanda, miaka imepanda hadi saba. Hakubishana hata nukta. Ukishawajua hawa watu, mambo yanateleza tu. Bosi alitoka nyuma ya kioo akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kianzio nacho kimepanda, tena kuliko vyote, nami natakiwa kukileta kabla ya Ijumaa. Hilo halinitishi. Nimezunguka nyumba nzima nikifikiria cha kuuza. Sebuleni hamna kitu, lakini jikoni kuna oveni kubwa ajabu, na nyumba yenyewe ina watu wawili tu.