Maganda Yangu Yarudishwe

Kapata, Kolwezi, mvua ikiwa imeshakolea

Kwa Tata Séraphin Kazadi,
Shefu wa mtaa wetu

KUHUSU: Ombi la kurudishiwa maganda ya jikoni mwangu, na kutambuliwa kwa boga moja kuwa ni la ukoo wangu

Tata Shefu mheshimiwa,

Kwanza natumaini goti linaendelea vizuri na kwamba Mama amepona kile kikohozi cha vumbi. Sisi tupo. Mimi ni Mansour Alimasi, mwenye lori la buluu linaloenda Sandoa na kurudi. Nyumba yangu imegawana ukuta na ya Mama Florentine, mjane wa marehemu Tata Lukusa aliyekuwa fundi wa kampuni. Sijawahi kukusumbua. Hata mwaka ule mtu alipoegesha trekta mbele ya lango langu, nilipanda juu ya tairi nikaingia kwangu, nikanyamaza. Ukiona leo nimeshika kalamu, ujue nimefikishwa pabaya.

Nitapanga malalamiko yangu kwa namba, ili usipate taabu ya kuamua upande wangu.

1. Maganda yalichukuliwa kwa upole. Kiangazi kilichopita, wakati wa baridi ile ya asubuhi, Mama Florentine alikuja langoni akamwambia mke wangu Mariamu: "Mama, maganda ya ndizi na ya bitunguu usitupe tena. Mi nayaomba. Nataka kutengeneza mbolea, mvua ikikuja nipande mboga." Akaacha ndoo ya kijani penye lango. Nilifurahi, Tata Shefu, sikufichi, maana kazi ya kutupa takataka ilikuwa yangu. Lakini hakuna aliyenieleza kwamba maganda yanaweza kuzaa. Ningejua, ningeomba mashahidi.

2. Nyumba yangu ikaanza kula kwa ajili ya ndoo. Mwanzo ndoo ilikula mabaki yetu. Baadaye sisi ndio tukawa tunakula mabaki ya ndoo. Mariamu akirudi sokoni simsikii tena akisema ndizi hizi tamu. Anasema: "Ona ganda yake namna iko nene." Nimekula mapapai nisiyoyataka kwa sababu ndani ya lundo kulikuwa na upungufu wa majimaji. Majani yangu ya chai yanachukuliwa kabla sijaomba kikombe cha pili. Siku moja niliacha kipande cha ndizi mezani nikaenda kuitika simu. Niliporudi, ndizi ilikuwa pale, uchi, na ganda limeshavuka ukuta.

3. Lori langu likadhalilishwa. Nilipokwenda Sandoa, Mariamu hakuniagiza asali wala samaki wakavu kama wake wa wenzangu. Aliniagiza samadi ya mbuzi. Nilimtafuta mfugaji, nikamsalimia kwa heshima, nikamwomba kinyesi. Akaniuliza kama nyumbani kuna ugonjwa. Tena Mariamu alinipigia simu nikiwa njiani: "Gunia isilowe, na isikandamizwe na mizigo." Kwa hiyo gunia lilikaa mbele, kwenye kiti karibu nami, na mama mmoja mwenye heshima zake, msafiri wa kulipa, akakaa nyuma juu ya mihogo. Mpaka tunafika Kolwezi hakunisemesha. Nilizungumza na gunia.

4. Nikapewa utajiri nisiokuwa nao. Hili wewe mwenyewe ulilisikia. Lundo lilipokolea, asubuhi za baridi likawa linatoa moshi mweupe. Mama Florentine na Mariamu wakawa wanaligeuza kwa sepetu, wakichimba na kucheka. Sasa, Tata Shefu, katika mji wetu wa migodi, watu wakiona mtu anachimba nyuma ya nyumba yake na kucheka, wanafikiri nini? Kabla ya adhuhuri ukuta wangu ulikuwa umejaa vichwa vya wachimbaji. Mmoja akasema: "Patroni Mansour, mawe imetoka, usitufiche." Mnunuzi wa madini akaja na kile kimashine cha kupimia. Akachota udongo mweusi, akaupima. Kimashine hakikusema kitu. Akaupima tena. Mwisho akaunusa, akamtazama Mama Florentine, akauliza: "Mama, hii ni nini?" Mama Florentine akamjibu bila kusita: "Ni ndizi ya Tata Mansour."

Naomba uyaangalie vizuri maneno hayo. Alitamka mbele ya umati kwamba ni ndizi yangu. Hakusema yake.

Tangu siku ile watu wananiita patroni, na binamu yangu Iddy alitoka Tenke na koleo lake begani, akasema amekuja kunisaidia kuchimba. Nilimweleza ukweli. Akasema hapana neno, atapumzika kidogo kwanza. Bado anapumzika. Anakula ndizi sana, na kwa hiyo ndoo inampenda.

5. Mboga zikatoka, nami nikahesabiwa kama mtu yeyote. Mvua ya kwanza iliponyesha, Mama Florentine akatandaza ile mbolea, akapanda. Tata Shefu, wewe umepita pale. Lenga-lenga, mchicha wetu huu, zilikuja kama zimeitwa kwa jina. Ngai-ngai za majani machachu, biringanya, nyanya zinazovunja miti yake. Na yule mama anagawa. Kila jioni anajaza beseni, anapita nyumba kwa nyumba, akianzia kule barabarani. Kwangu anafika kama anavyofika kwa wengine, ananipa fungu sawa na la Tata Mbayo, ambaye hajawahi kutoa hata ganda la yai. Siombi makubwa. Naomba tu nyanya zile zinaponipita ziwe na habari kwamba zinampita babu yao.

6. Sasa boga. Siku ya Idi kubwa tulipika boga, mbegu zikaenda ndooni. Mvua ilipoanza, pembeni mwa lundo ukaota mmea wa boga ambao Mama Florentine hakuupanda. Yeye mwenyewe alisema: "Huyu amejileta." Hakujileta. Ametoka jikoni kwangu, siku ya sikukuu yangu, katika chakula kilichosomewa dua. Binti yangu Djamila alikaa kwa shangazi yake Tenke alipokuwa anasoma, na hakuna mtu aliyewahi kusema amekuwa mtoto wa shangazi.

Mmea ule ukatambaa, ukapanda ukuta, ukashuka upande wangu, na upande wangu ndipo ulipozaa. Boga moja, kubwa, la kukaliwa na mtu mzima. Lilikaa pale juu likiegemea matofali, mchana kutwa likitazama mlango wangu. Nilianza kulizoea. Asubuhi kabla ya kuwasha lori nilikuwa naligonga kwa kidole nisikie sauti yake.

Kisha nikasikia kwamba Mama Florentine ameshaliahidi parokiani, kwa ile misa ya matoleo ya mavuno. Tata Shefu, mimi sina neno na kanisa. Mapadri nawabebea mizigo yao na tunaelewana. Lakini boga la Idi kupelekwa altareni bila mimi hata kuulizwa, hapo nilisimama. Nilimwambia pale ukutani, kwa adabu: "Mama, hii boga iko kwangu." Akasema: "Tata Mansour, mizizi iko kwangu." Nikasema: "Lakini chakula yenye mizizi imekula ilitoka kwangu." Akajifuta mikono kwenye kitenge. Kisha akasema: "Basi, kaa nayo."

Akazunguka kwa barabara, akafika langoni, akachukua ndoo yake ya kijani, akaenda.

7. Ukimya. Namba hii ni ngumu kuiandika. Tangu ndoo iondoke, Mariamu hanisemeshi ila kwa kupitia Djamila. "Mwambie baba yako bukari iko mezani." Nami niko mezani hapo hapo, nimeshanawa, ugali mbele yangu. Maganda yanalundikana jikoni kwa sababu Mariamu amekataa kuyatupa, na mimi nikiyatupa ananitazama kama nimemtupa ndugu yake. Zamani, asubuhi nikipima mafuta ya lori, nilikuwa nasikia wale wanawake wawili wanacheka nyuma ya ukuta, juu ya lundo lile. Sikujua wanacheka nini, pengine mimi. Tata Lukusa alipokufa, Mama Florentine alikaa muda mrefu bila kucheka, sote tulikuwa tunajua. Sasa asubuhi nasikia injini peke yake, Tata Shefu, na injini yangu haina sauti nzuri.

Kwa sababu hizo zote, naomba ofisi yako iamue yafuatayo. Kwanza, maganda yangu yote tangu kiangazi yarudishwe katika hali yalivyokuwa. Ikishindikana, nipewe nusu ya lundo, ile nusu yenye joto. Boga lipewe cheti kinachoonyesha linatoka nyumba gani, na likienda misani, padri amtaje Alimasi kwa jina, polepole, watu wa nyuma nao wasikie. Na ikiwa hayo yote ni mazito kwa ofisi, basi naomba moja tu: amri rasmi, yenye mhuri, ya kumrudisha Mama Florentine langoni kwangu na ndoo yake. Akiuliza nani ameomba, unaweza kusema ni serikali.

Nisalimie Mama na watoto wote, umsalimie katibu wako, Mama Godelieve wa mashine ya kusaga, na wote wanaokaa kwenye benchi la ofisi yako wakisubiri haki kama mimi. Iddy naye anasalimia, akiwa amelala.

Nabaki mimi, mwananchi asiyegombana na mtu,

Mansour Alimasi
Msafirishaji, na mwenye maganda

N.B. Tata Shefu, barua ilikuwa imeshakunjwa, Djamila anavaa viatu ailete, nikasikia kishindo uani. Boga limeanguka. Mvua ya usiku ililegeza kikonyo, likashuka juu ya boneti ya lori, likapasuka katikati. Mara lango likafunguka, Mama Florentine ameingia, kisu mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Akasema: "Tata Mansour, mi sikuje kugombana. Boga ikishapasuka haingoje." Mariamu akatoka jikoni na sufuria bila kuitwa. Walikaa chini pale penye gurudumu, wakalikata, na kabla sufuria haijajaa walikuwa wameshaanza kucheka. Kumbe kweli ni mimi wanayemcheka, kwa sababu ya ile habari ya gunia la Sandoa. Parokiani Mama Florentine amepeleka beseni la nyanya na biringanya, na ameniambia nikitaka kutajwa nitajwe kwa hizo. Boga tumelila wote na Tata Mbayo, tamu kupita kiasi. Maganda niliyabeba mwenyewe mpaka kwenye lundo, na nilipoingiza mkono ndani, Tata Shefu, lina joto kama mkate.

Kwa hiyo malalamiko yote niliyoyaandika hapo juu ninayafuta, ila Mama Florentine amenituma nikuulize jambo moja. Anasema kwako mnakula ndizi sana. Maganda huwa mnayapeleka wapi? Jumamosi lori halina safari. Tungeweza kupita na ndoo.